Sifa za Mchanga wa Diani

Bahari imesifiwa mpaka imeota kiburi. Mwezi juu ya maji, mawimbi, minazi iliyoinama, vyote vimepata washairi wake. Mchanga umekanyagwa tu. Mimi ni mtu wa Machakos, ambako mchanga ni mali ya kugombaniwa, na siwezi kunyamaza, hasa nikikumbuka jinsi unavyowatumikia wazazi waliojitia kupeleka likizoni mtoto asiyetimiza miaka miwili.

Kwanza ukoo. Mchanga wa kwetu hushuka vilimani na mvua, ukatulia katika mito ya Thwake na Athi, na kutoka hapo hupakiwa malori usiku na mchana kwenda kuijenga Nairobi, kaunti nayo ikiwakimbiza wenye malori. Ule unaonusurika hunaswa na kuta za saruji ambazo vikundi vya wanakijiji vimezijenga kukatiza mito ya msimu. Huko hutunza maji katikati ya chembe zake, robo ya ujazo wake au zaidi, jua lisiyaone wala mbu asiyatagie. Kiangazi kikikaza, kina mama hufukua mto uliokauka na kuchota. Huo ni mchanga wenye kazi na heshima zake.

Wa Diani, huko Pwani, ni mwana wa nyumba nyingine. Weupe ule unaopigwa picha ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na mmoja wa wasagaji wake hodari ni samaki pono. Huguguna mwamba kwa meno yake magumu, akameng'enya anachokitaka, na kilichobaki akakitoa kwa njia inayojulikana. Pono mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama ufuo mweupe ajue basi anatazama nini. Mwanangu hakutazama. Alijaza kiganja, akakipeleka moja kwa moja kinywani, na ilivyokuwa baada ya hapo susu, yaani bibi yake, hajaambiwa.

Tulifika Pwani kwa yule nyoka mrefu wa chuma ambaye Wakamba husimulia kwamba nabii wao Syokimau aliwatabiria. Tulipanda kituo cha Athi River, treni ya asubuhi, ile ya kusimama kila kituo. Mtoto wa umri ule hatozwi nauli, na ni haki, maana hakai kitini. Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi: kila tulikosimama alitaka kushuka, na kila tulikoondoka alililia alichokiacha.

Kesho yake tukamwonyesha Bahari ya Hindi yote kwa jumla. Wimbi dogo lilipomgusa vidole vya miguu alinipanda kama nyani anayekimbilia juu ya mbuyu. Ngamia alimkataa kabla ngamia hajamkataa yeye. Dafu alilitema. Tulichokuwa tumewekea akiba tangu Pasaka kilikwisha kukataliwa chote kabla ya saa nne asubuhi.

Hapo ndipo mchanga ulipojitokeza. Haukumfuata wala kumngurumia. Haukudai ada ya kuingia. Mtoto alikaa, akachota kwa kikombe cha uji, akamwaga, akachota tena, na wazazi wake wakaonja kitu walichokuwa wamekisahau: kumaliza sentensi.

Ukarimu wake nao hauna mpaka. Mwenyeji mwingine hukusindikiza hadi mlangoni. Huyu huingia nawe chumbani na kulala kitanda kimoja nawe. Tuliukuta ndani ya nepi, nyuma ya masikio, katikati ya viazi karai, ndani ya chupa ya maji iliyofungwa. Tulipomwogesha mtoto, sinki lilinywa kidogo kidogo, likasita, kisha likakataa kabisa. Mama mtoto ndiye aliyegundua siri: usisugue kwa maji, mpake poda mguu uliokauka, ngoja kidogo, kisha pangusa, na chembe zitaporomoka zenyewe. Alipangusa kidole kimoja kimoja, mtoto akicheka kwa kutekenywa. Alipomaliza, mtoto aliteremka na kurudi nje.

Na usidhani ni mlegevu wa malezi. Kuanzia saa sita mchana mchanga huwaka hata nyayo zisistahimili, ukamrudisha ndani mkaidi ambaye sisi wawili tulishindwa kumrudisha. Akalala usingizi wa pono, kama inavyostahili kwa aliyekula alichokula.

Tulirudi Machakos Jumapili. Jirani anayeongeza vyumba alikuwa ameteremshiwa lori zima la mchanga wa mto mbele ya lango letu. Mtoto hakungoja mizigo ishuke. Alipanda lile rundo, akakaa, akaanza kuchota kwa kikombe kile kile, kwa furaha ile ile hasa. Fundi alimtazama, akaniuliza kule Pwani tulitumia kama shilingi ngapi. Nilimtajia nusu, na bado aliweka beleshi chini.