Sabufa Haijui Fidla

Anayetaka kusikiliza Bach na Beethoven sebuleni kwa bei ya mtu wa kawaida anunue spika mbili ndogo za mbao zisizo na taa hata moja, aachane na sabufa. Ni jambo gumu kumwambia Mtanzania. Sabufa kwetu ni cheo: inakaa chini ya televisheni, inawaka buluu na nyekundu, na ikinguruma jirani anajua kwamba mshahara umetoka. Lakini muziki wa klasiki una ubaya mmoja kwa wauza sabufa: sehemu kubwa ya muziki wenyewe haiko kwenye besi. Uzi mzito kuliko nyuzi zote za fidla unaanzia hezi 196, na selo inashuka hadi 65 hivi. Katika seti za bei poa pesa imeishia kwenye lile boksi kubwa la chini, na vile vispika vya plastiki vya pembeni, ambavyo ndivyo vinavyotakiwa kuibeba okestra nzima, vimeachiwa chenji.

Halafu kuna hesabu ya wati. Boksi limeandikwa wati 10,000, kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni. Tukiiamini namba hiyo, saa moja ya simfoni inakula uniti 10 za LUKU, ila haitafika saa moja, maana soketi ya ampea 13 kwa volti 230 haivuki wati 3,000 hivi na fyuzi itakuwa imeshaungua. Pasi ya wati elfu moja na kitu watu wanaiogopa. Sabufa ya elfu kumi inaachwa inawaka usiku kucha. Igeuze nyuma, usome kikaratasi kilichobandikwa karibu na waya wa umeme: hapo namba imeona haya na kushuka hadi makumi. Nayo makumi hayo yanatosha. Kutoka wati 20 kwenda 40 ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo mgeni ataisikia lakini hataisimulia akirudi kwake.

Dukani Kariakoo muuzaji atakujaribishia kwa singeli, na kwa singeli hakuna spika mgonjwa. Mwombe aweke Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928. Inaanza kwa ngoma ndogo inayogongwa kwa sauti ya chini mno, inafuata filimbi, kisha sauti inapanda kwa robo saa hivi. Dakika ya kwanza muuzaji atadhani spika imekufa, ataongeza sauti. Mwache. Wewe sikiliza: ni ngoma hiyo, au ni mvumo wa umeme? Kwenye muziki wa kelele mvumo haujulikani. Hapa unakuwa mwanamuziki wa ziada, tena asiyepumzika. Mwishoni, muuzaji akiwa ameshasahau alichokifanya, tarumbeta zote zinaingia na mtaa mzima unageuka. (Mwaka huohuo wa 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi. Ukizipata santuri zake, sauti, udi na fidla viko palepale katikati, na sabufa haina la kukuza ila mngurumo wa santuri yenyewe.)

Atasema mtu: na kontrabesi je, inayoshuka hadi hezi 41? Kweli, spika ndogo haiutoi mlio huo sawasawa. Ila noti ya besi haiji peke yake; huja na milio mingine juu yake, 82, 124 na kuendelea, na ubongo ukiipata hiyo hujijazia wenyewe ile ya chini. Ndiyo maana hata kwenye redio ya betri unamtambua mpiga besi. Kinachopotea ni kile kishindo cha kifuani, na kwa nyumba za kupanga, ukuta mmoja familia mbili, hasara hiyo ina faida zake. Wengine wanalalamika kwamba spika ndogo hazina uhai, kumbe wameziua wenyewe: moja juu ya friji, nyingine nyuma ya kochi. Kwa kawaida fidla za kwanza hukaa kushoto mwa mwongozaji, na kontrabesi mara nyingi kulia. Kwa mpangilio huo wa friji na kochi, fidla zinapigia jikoni na kontrabesi zinamtekenya baba mkwe mgongoni. Spika ziwe mbele yako, usawa wa masikio, mbali kidogo na ukuta, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kukufikia wewe.

Pingamizi lenye uzito ni la amplifaya, kwa sababu nyingi za spika hizi hazijiendeshi. Zipo zenye amplifaya ndani, na zipo za mtumba, zinazokuachia pesa ya amplifaya. Za mtumba, kabla hujalipa, vua kitambaa cha mbele, ubonyeze polepole ukingo wa sponji unaoishika koni. Kidole kikitoka na unga mweusi, sponji imeoza, hata muuzaji akiapa kwamba ni vumbi la kontena. Fundi anaweza kuibadilisha, kwa hiyo usiondoke. Anza kuomba punguzo.