Mbinu za Kulemaza Kifundo cha Mkono Bila Jasho

Kwanza, anguka vizuri. Tuta lisilopakwa rangi linafaa, hasa ukiwa nyuma ya bodaboda usiku. Asiye na nauli atumie vigae vya bafuni na sabuni. Ukiwa hewani nyoosha mkono mbele, kiganja kitangulie, uzito wako wote ukishukie.

Inuka upesi, utazame kama kuna aliyekuona. Kisha chezesha vidole. Vikicheza, tangaza kwa sauti: "Haijavunjika, nimeteguka tu." Usisahau hiyo "tu", maana ndiyo inayofanya kazi yote. Kifundo kina mifupa minane midogo iliyopangwa kama kokoto, na mmojawapo unaweza kupasuka huku vidole vikiendelea kuandika ujumbe wa simu kama kawaida.

Jihadhari na jirani mjuaji. Atakuambia utanue dole gumba kama anayeomba lifti, na kweli, kwenye shina lake zitasimama kano mbili na kishimo katikati. Wanusaji wa Ulaya waliweka ugoro humo, ndiyo maana madaktari wakakiita kisanduku cha ugoro. (Bibi yangu alinusa kutoka kiganjani, maisha yake yote, wala hakuwahi kuhitaji kishimo.) Jirani atakibonyeza, utaruka, naye atasema huenda mfupa uitwao skafoidi umepasuka. Mwambie hana cheti.

Akikuburuta hadi hospitali, bado una nafasi. Skafoidi ni hodari wa kuficha ufa wake: picha ya eksirei ya siku ya kwanza yaweza kutoka safi kabisa. Daktari makini haamini. Hufunga mkono hivyo hivyo na kutaka picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Wewe usirudi. Damu nyingi ya mfupa huo huingilia upande wa vidole, hivyo ufa ukikata njia, kipande cha nyuma hubaki na njaa, na chaweza kufa kimya kimya. Miaka kadhaa baadaye utashindwa kujisukuma kutoka kitini, na utalaumu baridi.

Ukishaikwepa hospitali, nenda kwa mkandaji usiku uleule. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 au 20, na mkono kuinuliwa juu ya mto, ni mambo ya watu waoga. Pete acha kidoleni, mpaka uvimbe uilazimishe kukatwa. Mimi nilikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi na mzee mwenye magumba kama mihogo. Kikasikika kishindo kidogo, akatabasamu: "Umerudi, mwanangu." Picha ya wiki ya tatu ilionyesha kwamba mfupa haukuwahi kutoka. Ulikuwa umevunjika, na sasa vipande vilikuwa vimepeana talaka. Nilikaa na hogo hadi nikasahau harufu ya mkono wangu.

Wasiopenda kuanguka wasikate tamaa. Mama wa mtoto mchanga amnyanyue mwanawe kwa kumtia magumba kwapani, mara arobaini kwa siku, hadi kano za upande wa gumba zivimbe na kufungua kifuniko cha chupa kuwe mtihani. Mswisi Fritz de Quervain alieleza ugonjwa huo mwaka 1895. Kumchota mtoto kwa viganja, magumba yakiwa yametulia, kungeharibu mpango mzima.

Na wewe unayeamka saa nane za usiku ukikung'uta mkono, gumba, shahada na kidole cha kati vikiwa na ganzi lakini kidole cha mwisho hakina habari, sema ni damu haipiti, au jicho la mtu. Neva inayobanwa kifundoni haitajwi hapa. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi, lakini usiulize. Endelea kulala mkono umekunjwa chini ya shavu. Gango jepesi linalonyoosha kifundo usiku huwasaidia wengi, kwa hiyo liepuke, hadi nyama ya shina la gumba isinyae. Ikifika hapo hata upasuaji hauna hakika ya kuirudisha.

Mwongozo umekwisha, sasa naomba jambo moja bila utani. Mkono ukipinda kama mgongo wa uma, au vidole vikipoa na kupauka, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na kama uliangukia kiganja wiki hii, bonyeza kile kishimo. Kikiuma, kapige picha. Ikitoka safi na bado kinauma, omba mkono ufungwe, na baada ya wiki mbili rudi.