Kilo Tatu Zangu Zimeenda Wapi?

Kikopey mnaijua? Ukishapita Gilgil ukielekea Nakuru, moshi unakupata kabla hujaona mlango. Kila mlango ni butcheri. Nyuma ya butcheri, baa ya mabati. Shemeji ndiye alitupeleka, mimi na mama watoto. Shemeji ana gari. Sasa mtu akiwa na gari na wewe huna, utakula anapokula yeye, na utalipa wewe.

Kushuka tu, vijana wakanivamia. "Bosi, huku! Bosi, kwetu!" Tuliingia kwa yule aliyekuwa na mkono mgumu, maana alikuwa ameshika shati na mama watoto hatanishonea. Nikasukumwa dirishani. Mbuzi wananing'inia. "Mguu ama mbavu?" Jamani, mimi nyama naijua ikiwa kwa sufuria. Nikanyoosha kidole katikati. Muuzaji akamwita mwenzake, wakacheka pamoja. Akakata, akarusha kwa mizani, kilo tatu. Pesa hapo hapo. Nikageuka nimtazame shemeji. Shemeji alikuwa anatafuta Ziwa Elementaita kwa macho.

Halafu kungoja. Nyama ya makaa haiharakishwi. Nikaitisha bia baridi. Weita akanitazama kama mtoto wa nasari aliyejikojolea. "Mzee, ni saa sita. Jumamosi bia ni kuanzia saa nane." Ni ile sheria ya 2010, sheria ya Mututho, maana ndiye aliyeipeleka bungeni. Na Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, na Gilgil wakati huo ilikuwa ndani ya Naivasha! Yaani mbunge wa hawa hawa wachoma nyama ndiye alininyima bia. Nikaletewa soda. Moto. Meza ya pili walikuwa na vikombe vya chai, na hiyo chai ilikuwa na povu. Sikuuliza. Ningeambiwa ni uji.

Nyama ikaja kwa ubao. Ndogo! Nikamuuliza mkataji kilo zangu ziko wapi. "Maji imeenda, mzee." Maji niliyolipia bei ya nyama! Akakata chap chap. Shemeji akavuta mbavu upande wake bila hata kuangalia, mkono unajua njia. Mimi nikabaki na shingo, ugali na kachumbari. Pilipili ikashika vidole, vidole vikashika jicho. Nikalia mbele ya watu. Mama watoto akawaeleza majirani wa meza kwamba mzee wake hajazoea vitu vizuri.

Na ilikuwa tamu, hiyo ndiyo inaniuma. Chumvi tu pembeni ya ubao, hakuna viungo, hakuna mbwembwe. Nje imekauka, ndani mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Hata ile shingo! Huku mtaani tunatafuna raba na tunashukuru.

Kwa hivyo nenda. Sema mbavu kabla hujaulizwa. Fika baada ya saa nane. Na tafadhali, panda matatu.