Sifa za Msumeno Ulioazimwa

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, na jahazi, na macho ya wapenzi wao, wala sijui ni kwa dhambi gani msumeno ulioazimwa ukaachwa bila ya mtu wa kuunenea neno la kheri. Nami, ambaye wangu una mwaka wa tatu haujalala nyumbani kwangu, naona ni wajibu wangu kulilipa deni hilo.

Asili yake ni tukufu. Sura ya Al-Maun, ambayo ni ya 107 katika Kurani, hukoma kwa kuwalaumu wanaozuia maun, na wako wafasiri wa kale waliosema kwamba maun ni shoka, chungu, ndoo na mfano wa hivyo ambavyo jirani humwomba jirani. Basi mtu akipiga hodi, akaulizia hali ya watoto, na ya mnazi ulioangushwa na kusi, kisha akakohoa kidogo, utafanyaje ila kulifungua sanduku la zana? Fikihi huliita jambo hili ariya, na madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, humtwika aliyeazima dhamana ya kitu kikiangamia nje ya matumizi aliyoruhusiwa. Hukumu njema mno. Lakini ni nani mwenye haya atakayekwenda kwa kadhi kumshitaki shemeji yake kwa ajili ya tupa?

Tena tazama elimu aipatayo msafiri. Msumeno ukaao kwa mwenyewe hukata mvule leo na mkangazi kesho, maisha ya utawa yasiyo na habari. Wangu, tangu ulipotoka kwenda kukata kitawi kimoja tu cha mwembe, umekwisha kukata boriti ya mkoko yenye misumari, mifupa ya ng'ombe wa harusi na, kwa kauli ya mtu ninayemwamini nusu, barafu ya samaki. Meno yake, niliyoyapinda kwa mkono wangu moja kulia na moja kushoto, sasa yana mapengo ya kikongwe, na kikongwe huheshimiwa.

Mimi mwenyewe umenineemesha. Zamani nikijua nyumba tatu katika mtaa wetu; kwa kuufuata msumeno kutoka kwa jirani hadi kwa shemeji yake, na kutoka kwa shemeji hadi kwa mjenga mabanda ya kuku, nimekunywa kahawa chungu katika baraza nisizozihesabu, nimehudhuria matanga mawili, na nusura niposeshwe. Kila nyumba iliniapia kwamba uliondoka juzi. Juzi! Neno hilo lina upana wa bahari.

Mwezi uliopita niliukuta kwa mzee mmoja, umetundikwa ukutani, umetiwa mpini mpya wa mninga. Kabla sijafumbua kinywa kudai haki yangu, mzee alinitazama kwa huruma, akanieleza ya kuwa yeye hapendi kuazimisha zana, maana watu wa siku hizi hawarejeshi, ila kwa kuwa ananiona mtu wa heshima atanipa mpaka jioni. Nikamshukuru. Nikakata ubao wangu, nikaupaka msumeno mafuta ya nazi usishike kutu, na adhana ya Magharibi ilipoanza nilikuwa mlangoni kwake, napiga hodi.