Wakonyingo Jikoni

Harufu ya siki ilianza alasiri. Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho kwa ajili ya macho yake, alifungua chupa zote za achari akanusa moja baada ya nyingine. Achari haikuwa na kosa. Baba watoto alikuwa amekamua silikoni ya kuzibia vioo, ile ya dukani kwa vifaa vya ujenzi, akaikanda na wanga wa mahindi kwenye bakuli langu la chapati. Silikoni hiyo hunuka siki inapokauka, na wanga huifanya iwahi kushika hadi ndani. Katikati ya donge alizika kisanamu cha mchawi mwenye ndevu, urefu wa kidole gumba, ambacho kitinda mimba wetu alikiokota kwenye midoli ya mitumba pale Kiboriloni.

Mtoto na wenzake wa shule hucheza mchezo wa dadu na majoka, na kila mmoja anahitaji kisanamu chake. Baba yao akaongeza na wageni wanaojaa Moshi kwa ajili ya kupanda mlima, akapiga hesabu. Mume wangu akishapiga hesabu, ficha sufuria zako.

Sikuwahi. Jasi ya dari ilikorogewa kwenye sufuria ya mtori, ikamiminwa kwenye donge lile lililokuwa sasa kalibu, na mabaki yakamwagwa kwenye sinki. Jasi haingoji jua ikauke kama matope. Huungana na maji ikawa jiwe, hata ikiwa imezama. Fundi bomba alilazimika kukata bomba. Asubuhi baba watoto alichuma jani la sale uani, akampelekea mama yake kwa mikono miwili, maana sufuria ilikuwa yake. Uchagani, ukiletewa sale umeshasamehe. Mimi mwenye sinki sikuletewa kitu.

Basi wale wachawi weupe wakapangwa dirishani tayari kwa soko. Binti yetu anayesomea sheria alikuwa likizo. Akawatazama, akasema, “Baba, hawa si wako.”

Baba akajitetea kwamba alitumia jasi yake na mikono yake. Binti akamjibu kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda sanamu kama inavyolinda kitabu, na kuifinyia kalibu sanamu ya mtu ni kuinakili, hata kama uliinunua kihalali. Majina nayo yana wenyewe, kwani alama za biashara zina sheria yake ya 1986. Majoka na wachawi kwa jumla hawana mwenyewe, ila “hobbit”, mtu mfupi wa hadithi za mwandishi Tolkien, anaye: wachapishaji wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, walilazimika kulifuta jina hilo baada ya wenye haki za kazi za Tolkien kulalamika, wakaweka “halfling”.

“Hao wafupi wa Wazungu wanakaa wapi?” mama mkwe akauliza.

“Kwenye mashimo, bibi.”

“Wetu wanakaa juu mlimani.” Akatusimulia wakonyingo: vichwa vikubwa kuliko viwiliwili, hulala wameketi na kuegemea ukuta wa kibanda, kwa kuwa mmoja wao akianguka hawezi kuinuka mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja hubeba pembe kiunoni, aipulize wenzake waje wamnyanyue. Na ole wako uwadhanie watoto, uwaulize wakubwa wako wapi!

Baba watoto akafinyanga wa kwanza kwa udongo wake mwenyewe. Jasi ilipotoka kwenye kalibu, mkonyingo akadondoka kifudifudi. Akamtengenezea nyayo pana, akadondoka chali. Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu. “Nimekwambia hawasimami hovyo. Muegemeze!” Wanatoka sasa wameketi, migongo ukutani, pembe mkononi, na hakuna anayeanguka.

Binti hakumaliza hapo. Sheria hiyohiyo ya 1999 inalinda pia ngano za jadi zinapofanyiwa biashara nje ya mila zake, na wa kuulizwa ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Baba ameshaandika barua. Mama mkwe hakungoja majibu yake: ameagiza theluthi ya kila mauzo iwe ya msimulizi, na ndani ya nyumba hii hakuna aliyebisha.