Kigali kwa Dakika Hamsini

Tiketi iliandikwa 10:00 kuondoka Dar es Salaam, 10:50 kutua Kigali. Nikahesabu kwa vidole: dakika hamsini. Mama watoto, anayekagua hesabu zangu kama karani wa benki, siku hiyo alikuwa anapiga pasi, hakusema kitu.

Nikaenda kutamba kijiweni. Kulikuwa na jamaa aliyeendesha lori njia hiyo miaka mingi: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, halafu foleni ya Rusumo. Karibu kilomita 1,500. Nilipomwambia dakika hamsini akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Kwa angani ni ngapi?"

"Kama 1,150."

Akatoa simu, akabofya. "Hiyo ni kilomita 1,380 kwa saa. Unaipita hata sauti, kaka. Concorde ilistaafu mwaka 2003, wewe umekata tiketi ya nini?"

Nikamjibu kwamba teknolojia imesonga mbele.

Dakika ya hamsini ilipotimia nilifungua mkanda, nikasimama, nikaanza kuvuta begi langu. Chini hakukuwa na mji wala dalili ya mji. "Baba, naomba uketi," mhudumu akasema kwa upole ule wa kuniumbua, "bado saa nzima." Jirani yangu wa dirishani ndiye aliyenifafanulia: Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Wao wanaizidi Greenwich kwa saa mbili, sisi tatu. Tiketi huandika saa ya kila mji, si urefu wa safari.

Nilielewa. Ila saa yangu ya mkononi nimeirithi kwa marehemu baba, na sikuona sababu ya kuisumbua kwa siku tatu tu. Nitakuwa napunguza moja kichwani, nikajiambia.

Kesho yake ilikuwa gusaba, siku ya kuposwa mpwa wangu, na mimi ndiye mjomba mtu. Shughuli saa tatu asubuhi. Nikafika saa tatu kasorobo, suti imenyooka, maneno ya wazee nimeyakariri njia nzima. Nikamkuta shemeji kifua wazi, mswaki mdomoni.

"Karibu, shemeji. Mbona alfajiri hii?"

Kasoro robo ilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa ile saa yenyewe.

Nikakabidhiwa viti. Viti vya plastiki vya kukodi huja vimebebana kumi kumi, vimeng'ang'aniana kama ndugu wenye urithi. Unavuta kimoja, vinakuja vinne. Nilivibandua hadi wageni wakaingia. Wakati wa kusimama kuongea, koti lilikuwa na vumbi begani na shati limegandia mgongoni. Wazee wa upande wa pili walinisifu: kumbe Watanzania wanawahi hivi!

Jioni hiyo, kwa hasira, nikairudisha nyuma saa ya baba.

Kurudi, tiketi ilisema 14:00 hadi 16:50. Sikubabaika, sasa nilikuwa mtaalamu. Nilimfafanulia hata kijana wa pembeni yangu, ambaye hakuniuliza.

Jumatatu tulikuwa na kikao saa tatu. Nikaingia ofisini saa tatu kamili kwa saa yangu ya mkononi. Ya ukutani ilisema saa nne. Nikaparamia ngazi, nikasukuma mlango wa ukumbi, samahani iko tayari mdomoni.

Mama wa usafi alikuwa anafuta meza. "Leo umewahi," akasema. "Wenzako bado."