Hilux Langoni, Wageni Njiani

Bamba kuu la springi ya nyuma lilikatika Ijumaa jioni, gari likiwa limeshaingiza pua kwenye lango la baba mkwe, hapa Gisenyi. Kesho yake ilikuwa siku ya gusaba: wazee wa upande wa pili wanakuja kumposa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na lango ni hilo hilo moja. Hilux ya mwaka 1994 ikalalia ubavu wa kushoto pamoja na viazi vyake vya Bugeshi, tairi likasugua bodi, safari ikaishia hapo.

Viazi tulivishusha kwa mikono, watoto wakipokezana mabeseni. Mama mkwe alisimama barazani kimya mpaka gunia la mwisho, ndipo akasema, "Mwanangu, wageni wangu hawatarukia bodi ya gari."

Nyumba nzima iligawanyika juu ya springi hiyo. Nyuma ya pikapu ya namna hii kuna fungu la mabamba ya chuma yaliyopindwa kidogo, refu juu, fupi chini. Senta bolti inapita katikati ya yote, na kila upande wa gari yubolti mbili zinalibana fungu kwenye ekseli. Bamba kuu ndilo lenye macho kwenye ncha zake, na ndani ya macho hayo hukaa bushi za mpira. Baba mkwe alikuwa na jibu tayari: mzigo. Tuongeze mabamba mawili, yaishe.

Mke wangu alitandika mkeka, akaingia chini ya gari na tochi ya simu. "Baba, njoo utazame hapa." Bamba lilikuwa limekatika palepale kwenye tundu la senta bolti. Kuzunguka yubolti kulikuwa na vumbi la kutu, jekundu, laini kama pilipili iliyosagwa, na chuma cha chini yake kilikuwa kinang'aa kwa kusuguliwa. Maana yake yubolti zilikuwa zimelegea zamani. Zikilegea, bamba linaanza kujikunja kwenye tundu, mahali ambapo chuma ni kichache kuliko kwingine, na kila jiwe la volkeno kwenye njia ya kutoka Bugeshi linamalizia kazi. Mzigo ulichangia, lakini sio ulioanza.

Nilikuwa upande wa mke wangu na bado nipo. Hii desturi ya kuongeza mabamba ili pikapu ibebe kama lori inaua magari mengi katika milima hii. Springi inakuwa ngumu, mashimo yote yanapokelewa na chasisi, na wakati huo breki na beringi zimebaki zilezile. Gari la tani moja ni la tani moja.

Kesho ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka yamefungwa, kwa hiyo vifaa vilibidi vipatikane usiku uleule. Muuza vyuma mmoja alitufungulia. Bamba alikuwa nalo, la saizi ile ile. Yubolti alitutolea za mtumba zilizopakwa oili zing'ae. Mke wangu alizirudisha: uzi uliokwisha kuvutwa mara moja haubani tena sawasawa. Tukalipia mpya, pamoja na senta bolti na bushi.

Uani kwetu ni changarawe ya volkeno, jeki inazama na kuteleza. Tuliweka ubao mnene wa mkaratusi chini yake, chasisi tukaiegemeza kwenye magogo, na ekseli ikapewa jeki yake peke yake. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu. Kwa hili sina mjadala na mtu. Mzee jirani, makanika wa miaka mingi, alikuja na bomba la kurefushia mpini wa spana, nati zikakubali moja moja. Pini ya bushi ndiyo iliyogoma kabisa, mpaka ikachomwa moto. Mpira ukawaka, moshi mweusi ukapanda hadi barazani ambako mishanana, mavazi ya sherehe ya kesho, ilikuwa imetundikwa. Vilio! Shangazi wawili walitoka mbio kuikusanya, na mama mkwe akaipepea moja moja upande wa ziwa hadi harufu ikatoka.

Kufunga ndiko kulikotaka subira. Yubolti zilikazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, zilale sawa. Baba mkwe alitaka kukaza na pini za bushi gari likiwa bado hewani, yule mzee akamshika mkono: "Baba, lishushe kwanza, mpira ushike mahali pake uzito ukiwa juu ya magurudumu." Ukikazwa hewani, gari likishuka mpira unasokotwa, na baada ya muda unachanika. Tukalishusha, tukakaza.

Majirani walipopita na majembe kwenda umuganda, Hilux ilitoka langoni kwa nguvu zake yenyewe, na kabla ya saa sita mchana ilikuwa imeshaleta kreti za soda na viti vya kukodi. Hotuba zilipokwisha na ng'ombe wa mahari kukubaliwa, baba mkwe aliniita pembeni, angali na suti yake, akaomba spana. Yubolti mpya hukazwa tena baada ya mzigo wa kwanza. Nati nne za kushoto zilizunguka kidogo tu. Za kulia, ambazo hatukuzigusa usiku ule, zilizunguka karibu duru nzima. Akazikaza kwa muda, akakatazama kale kavumbi kekundu, akamwita binti yake. Jumatatu tunaufungua na upande huo.